Nilianza na rangi, nikaishia uvunguni nachungulia giaboksi

Goti la kushoto ndo lililonifanya niiuze gari yangu ya manyuo. Miaka tisa nakanyaga klachi asubuhi na jioni kwenye foleni, jongea simama, jongea simama, ikafika mahali nikishuka natembea kama mtu aliyetoka kupigwa, na mama watoto naye ndo alikuwa kapata leseni na alishasema wazi hiyo klachi hataki hata kuiona. Tukakaa tukakubaliana, tunatafuta ya otomatiki, bei ya mtu wa kawaida, ya kuzungukia mjini, itubebe sisi na watoto wawili na kiti cha mtoto na mabegi ya shule na mara mojamoja mama mkwe na mizigo yake. Mi nikajua wiki mbili tumemaliza. Ikachukua karibu mwaka, na hapo katikati tukanunua moja tukaijutia tukaiuza kwa hasara. Watu wakiniuliza sasa hivi "nichukue gari gani?" mi nawarudishia swali tu, ina giaboksi gani?

Kosa letu lilikuwa la kuanza na sura. Mke wangu anataka nyeupe, mi nataka yenye rimu, usiku watoto wakilala tunapitia mapicha, hii kali, hii taa zake kama imenuna, hii ina skrini kubwa. Tukaangukia moja ndogo, ya karibuni tu, kilomita chache, bei chini mpaka tukashangaa, muuzaji kasema ni otomatiki na kweli ukichungulia chini pedali ni mbili. Siku ya tatu nipo kwenye foleni ya kupanda kilima, mvua inanyesha, watoto nyuma, naachia breki nikanyage mafuta gari inarudi nyuma. Unyayo mmoja tu lakini jamaa wa nyuma alinipigia honi ambayo mpaka leo naisikia. Alafu kila ikibadilisha gia inatikisa kichwa, ndio, ndio, ndio, mwanangu mkubwa akaniuliza baba mbona gari inasinzia. Mwezi wa pili ikawasha taa kwenye dashibodi, ikajitoa kwenye gia yenyewe, ikagoma katikati ya barabara. Fundi alipoiangalia akacheka kwanza, akaniambia kaka hii sio oto, hii ni manyuo imefungwa roboti.

Na ndo ukweli wenyewe. Hizo wanaziita AMT, ni giaboksi ya kawaida kabisa yenye klachi yake, ila kuna kimota kinakanyaga klachi na kuchomeka gia badala ya mguu wako na mkono wako. Kuitengeneza ni rahisi, haili mafuta, na kwa mtu anayeendesha barabara zilizofunguka haina neno. Lakini kwenye foleni ya kilima ile klachi inasugua muda wote kama dereva mwanafunzi anayeizuia gari kwa klachi badala ya breki, inapata moto, inaisha. Ina ndugu yake msomi, ya klachi mbili, DCT, klachi moja inashika gia ya 1, 3 na 5, nyingine inashika 2, 4 na 6, kwa hiyo wakati upo kwenye moja inayofuata ishaandaliwa tayari, inabadilisha hata husikii. Tamu mno ukiwa safarini. Ila zile ambazo klachi zake ni kavu, haziogelei kwenye oili, foleni ya kujongea inazipika, na siku ya kubadilisha hizo klachi au kile kiboksi kinachoziongoza ukitajiwa bei utatafuta pa kukaa. Sisemi ni mbovu. Nasema kwa maisha yangu ya foleni mara mbili kwa siku, nimezitoa kwenye hesabu.

Oto ya kweli, ile ya wazee, ina kitu kinaitwa toki konveta. Chukulia feni mbili zimewekwa uso kwa uso, moja imewashwa nyingine haijawashwa, upepo wa ile ya kwanza unaizungusha ya pili. Humo ndani ni hivyo hivyo ila badala ya upepo kuna oili. Ndo maana gari yake ukiachia breki tu inajongea yenyewe taratibu, na ndo maana kwenye kilima kidogo haikimbilii kurudi nyuma, hakuna klachi ya kusugua pale mwanzo wa kuondoka, oili inafanya kazi yote. General Motors waliuza oto yao ya Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, ikiwa na gia 4, na cha ajabu miaka sitini baadaye Corolla Fielder ya 2000 bado ilikuwa na gia 4. Watu wanaicheka, ati ya kizamani, kwenye spidi kubwa injini inalia na mafuta inakula zaidi kidogo. Sawa, lakini mafundi wanaijua, spea zake zimejaa, na ikianza kuumwa inakupa dalili mapema kabla ya kufa. Mi kwenye gari ya familia nathamini sana kitu kinachoumwa taratibu.

Sasa CVT, hapa ndo penye kelele nyingi na kila mtu ana maneno. Humu hamna gia. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati, puli moja ikijibana nyingine inajiachia, mkanda unapanda huku unashuka kule, kwa hiyo uwiano unabadilika bila hatua yoyote, gari inateleza tu bila mshtuko. Wadachi wa DAF ndo walioonyesha gari ndogo ya namna hiyo mwaka 1958, wakati huo mikanda ilikuwa ya mpira. Faida yake mjini ni kubwa, injini inakaa kwenye mzunguko inaoupenda na mafuta yanadumu. Shida ni kwamba haisamehi. Ile oili ya CVT ndo inayoshikanisha mkanda na puli, ukiweka oili ya oto ya kawaida umeiua, na watu wengi wanaolia kwamba CVT ni mbovu ukiwabana vizuri utakuta hawajawahi kubadilisha oili tangu wanunue, au fundi alimimina iliyokuwepo dukani. Kila kampuni ina oili yake, Nissan wana NS-2 na NS-3, Honda wana HMMF kwa za zamani na HCF-2 kwa za baadaye, Toyota wana zao, unafungua kitabu cha gari unasoma, hamna kubahatisha hapo. Kwa hiyo CVT iliyotunzwa nachukua, CVT ambayo mwenyewe akiulizwa oili anaanza kukuna kichwa naiacha hata iwe inang'aa vipi.

Na msichanganye na haibridi za Toyota, gari za injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, huu mchanganyo nimeukuta kwa watu kibao. Makaratasi ya Prius au Aqua yanaandika CVT, mtu anaogopa anakimbia, kumbe humo ndani hamna mkanda wala puli, ni gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati, na mota mbili za umeme, na ni katika mitambo migumu kufa kuliko yote niliyoitaja hapa, Prius ilianza nayo Desemba 1997. Kwenye foleni haibridi inazima injini inajongea kwa umeme, ukikanyaga breki inarudisha chaji, yaani foleni inayoua gari nyingine yenyewe ndo inapata nafuu. Cha kuogopa ni betri kubwa, na hapo kuna jambo la wazazi: kwenye Aqua betri iko chini ya siti ya nyuma na inapumulia kwenye kitundu cha hewa kilicho pembeni ya siti, ambapo ndipo watoto wanapochomeka makaratasi, wanapotupa masweta, na vumbi lote linapoingilia. Kikiziba betri inapata joto inachoka mapema. Ukienda kuangalia haibridi anza na hicho kitundu, kisafi au kimejaa, kitakwambia mwenye gari ni mtu wa aina gani.

Tatizo jina la gari halikwambii giaboksi, inabidi uangalie na mwaka. Vitz (wengine mnaijua kama Yaris) ile ya kwanza ya 1999 ni oto ya gia 4, ile iliyotoka mwishoni mwa 2010 ni CVT. Fielder ya 2000 mpaka 2006 gia 4, zilizofuata nyingi ni CVT. Toyota Wish hivyo hivyo, ya 2003 ya injini ya 1.8 ina gia 4, ya 2009 ikahamia CVT. Honda Fit za Japani nyingi ni CVT tangu 2001, ila ile ya haibridi ya 2013 ni ya klachi mbili, gia 7, mnyama tofauti kabisa ndani ya jina lile lile. Mazda wao waligeuka upande wa pili, Demio ya 2014 ina toki konveta na gia 6, na kama unapenda kuendesha kidogo hiyo ndo itakufurahisha kuliko zote, ila siti ya nyuma ya baba mrefu sahau. Nissan Note ya 2012 CVT, alafu 2016 wakaleta e-Power ambayo injini haishiki tairi kabisa, kazi yake kuzalisha umeme tu, mota ndo inasukuma.

Injini sitakaa nayo sana. Cc 1000 ni nzuri ukiwa mwenyewe, sio watu watano na mizigo na eisii inawaka kwenye kilima, hapo utaikanyaga mpaka chini na mafuta uliyodhani unaokoa yanaondoka vile vile. Sisi tuliona 1300 mpaka 1500 ndo pake.

Kuijaribu gari sasa. Mimi mara ya kwanza nilizunguka na muuzaji dakika kumi, redio inaimba, nikasema iko poa. Safari hii nilimwambia usiiwashe mpaka nifike, na nikifika kitu cha kwanza naweka mkono kwenye boneti, kama ina joto naomba nirudi kesho asubuhi, kwa sababu ugonjwa mwingi wa giaboksi unajificha gari ikishapashwa na mwingine unajificha ikiwa ya baridi, unahitaji kuona vyote viwili. Nawasha, nakanyaga breki, natoa P (ya kupaki) kwenda R (ya kurudi nyuma), natulia nasikiliza, R kwenda N (gia huru), N kwenda D (ya kwenda mbele), kila mahali natulia. Gia inatakiwa iingie ndani ya kama sekunde moja bila kupiga teke. Ikichelewa, unahesabu moja mbili tatu ndo inashtuka, asante kwaheri. Naachia breki bila kugusa mafuta, inajongea? Inatetemeka? Hasa CVT, ule mtetemo wa pale inapoanza kuondoka ni dalili mbaya, na ukikanyaga mafuta mshale wa mzunguko wa injini unapanda juu lakini gari haiendi, hiyo inateleza.

Alafu tunaingia foleni, makusudi, nusu saa. Wauzaji hawapendi hii. Natafuta kilima nasimama katikati naondoka tena. Natafuta mahali pa wazi nakanyaga mpaka chini nione inashuka gia bila kusitasita. Ikiwa imepata moto vizuri nasimama narudia tena ule mchezo wa R na D, na hapo ndipo gari mbili zilipoumbuka, asubuhi zilikuwa malaika. Mwisho nachomoa kijiti cha oili ya giaboksi kama kipo, oili nzuri ni nyekundu au pinki safi (baadhi ya CVT ni ya kijani au buluu), ikiwa nyeusi na inanuka kuungua ushajua, ikiwa na povu kama imechanganyika na maji maana yake maji ya rejeta yameingia, ondoka hata bila kuaga. Na uvunguni lazima nilale chini nichungulie, ndo hapo kichwa cha hii habari kilipotokea, shati jeupe na yote.

Kitu kimoja ambacho hatukukifanya mara ya kwanza ni kwenda na familia nzima, na kiti cha mtoto mkononi. Kifunge pale pale. Kiti kinachoangalia nyuma kinakula nafasi usiyoitarajia, kwenye gari mbili nilizopenda ilibidi siti ya mbele isogezwe mpaka magoti ya mke wangu yaguse dashibodi, na kwa viti vya watoto vya kiwango cha usalama cha i-Size mtoto anatakiwa aangalie nyuma mpaka afikishe angalau miezi 15, kwa hiyo sio jambo la wiki mbili. Ingiza vidole kati ya mgongo wa siti na pa kukalia, utafute vile vyuma viwili vya Isofix, vikiwepo utanishukuru, visipokuwepo kiti utakifunga kwa mkanda na inabidi ujifunze kukikaza vizuri. Kiti cha kuangalia nyuma usikiweke mbele penye eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali) inayofanya kazi, hata kwa safari ya dakika tano. Angalia na siti ya katikati nyuma, gari nyingi za zamani pale kuna mkanda wa tumboni tu, na ndo pale kila mtu anapomwambia mtoto "kaa hapo katikati". Milango ya nyuma ifungue yote uone inafunguka kiasi gani, maana kumchomeka mtoto aliyelala kwenye mlango mwembamba bila kumgonga kichwa ni ufundi. Za milango ya kuteleza kama Sienta hapo zinashinda zote, kama una watoto watatu mi nisingefikiria mara mbili.

Na eabegi zenyewe mzicheki. Zile za kampuni ya Takata ndo zilizosababisha gari nyingi kurudishwa kuliko jambo lolote kwenye historia ya magari, kisukumio cha ndani kinaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, siku ya ajali badala ya kukulinda kinapasuka na kurusha vipande vya chuma usoni kwako. Ziliwekwa kwenye chapa nyingi kubwa, hasa gari za miaka ya 2000 na kuendelea, na hizo hizo ndo za bei zetu. Unachukua namba ya chesisi unaiingiza kwenye tovuti ya kampuni ya gari, inakwambia kama eabegi bado inatakiwa kubadilishwa au ishabadilishwa. Dakika mbili. Tairi pia usiangalie kashata tu, ubavuni kuna namba nne, ikiandikwa 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, gari ya kilomita chache yenye tairi za miaka kumi inakupa kitu cha kumbania muuzaji bei.

Tulichochukua mwisho wa yote ni Fielder ya gia 4. Rangi ya fedha, rangi ambayo hakuna aliyeitaka, haina skrini, rimu zake za chuma na kava. Buti lake linameza kigari cha mtoto bila kukikunja na mabegi yanabaki na nafasi. Kabla haijafanya safari yoyote fundi alimwaga oili ya giaboksi, na hapa mjue kitu, ukifungua ile nati ya chini inatoka sehemu tu, nyingine inabaki ndani ya toki konveta, kwa hiyo tulimwaga, nikaendesha wiki, tukamwaga tena, na ya tatu ndo ikawa nyekundu ya kueleweka. Kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, kuna sumaku, ilikuwa na tope laini la kijivu, fundi akasema hilo la kawaida, angekuta vipande vya chuma ndo tungezungumza lugha nyingine. Aliyeniuzia aliniambia hiyo oili ni ya maisha, haibadilishwi. Maisha ya nani sijui.

Tabia nazo ilibidi nizibadilishe. Wiki ya kwanza mguu wa kushoto ulikuwa unatafuta klachi, nikakanyaga breki kwa nguvu zote za miaka tisa, pua zetu zikakaribia kioo, toka siku hiyo naukunja chini ya siti kabisa. Nikipaki nabaki na breki, naweka N, navuta hendibreki, naachia breki gari itulie, ndo natia P, maana P peke yake ni kijino kidogo cha chuma ndani ya giaboksi, ukiiachia gari nzima imlalie kwenye mteremko unamuonea. Kutoka R kwenda D wakati gari bado inarudi nyuma, sahau. Mteremko mrefu natumia L au 2, zile gia za chini, badala ya kupikia breki. Betri ikifa hamna tena kusukuma kwamba ishtuke, ni nyaya za kuazima chaji kwa jirani, na ikiharibika mbali isivutwe kwa kamba tairi za mbele zikizunguka chini, inyanyuliwe.

Goti limepona. Gari siioni. Mama watoto aliipeleka "mara moja tu" kumchukua mtoto shule, hiyo ilikuwa mwezi wa pili wa kuwa nayo, na ufunguo haujawahi kurudi kwenye ndoano yake, siku hizi mi nakaa siti ya abiria na nikimwambia hapo weka L ananiambia baba fulani, tulia.